Pembe ya Imeda

Pikipiki ilikata kona ya tatu bila kupunguza mwendo.

Tsira Kopaliani naye hakupunguza. Alilibana gari lake la Niva upande wa mlima, tairi zikatafuna kokoto, bampa la mbele likabaki hatua chache tu nyuma ya taa nyekundu ya pikipiki ile ya KTM. Barabara ya Gombori haimwonei huruma mwenye haraka, na leo wenye haraka walikuwa wawili.

Kona ya nne ilimshinda mmoja wao.

Pikipiki iliteleza kwenye majani mabichi ya Oktoba, ikaruka kizuizi cha chuma, ikamtupa mwenyewe chini ya mwaloni. Tsira alishuka na bastola ya Glock mkononi, lakini hapakuwa na wa kumpiga. Kifua cha mtu yule kilikuwa kimebonyea. Katika mfuko wa koti lake kulikuwa na kichupa cha kioo, kitupu, kifuniko kimelegea.

"Umempa nani?"

Mtu yule alicheka, damu ikamtoka puani. "Umechelewa, dada. Iko mezani tayari."

Alikata roho akiwa bado anacheka.

Tsira alibonyeza kitufe cha saa yake. Kwenye kisikizi cha sikioni kilisikika kikohozi cha Kanali Lomtatidze, mkubwa wake wa kazi, mtu ambaye hakumpenda mtu yeyote na ambaye kila mtu alimwamini.

"Kiota, huyu ni Mwewe. Tarishi amekufa. Kichupa kitupu."

"Harufu?"

"Hakuna. Rangi hakuna."

"Basi ndiyo yenyewe. Kifaa chako cha kupimia sumu hakitaiona. Inajulikana kwa uchungu wake tu. Inakaa tumboni kimya mpaka jioni, halafu moyo unasimama. Dawa yake haijapatikana."

"Meza ipi?"

"Unaijua meza ipi."

Aliijua. Siku hiyo, katika mkoa mzima wa Kakheti, meza ya kuulia watu ilikuwa moja tu: ya mzee Otia, baba mkwe wake.

Miaka mitatu nyuma, Imeda, mumewe, askari wa mpakani, alipigwa risasi kwenye njia ya mlimani pamoja na doria yake yote. Waliofanya hivyo walikuwa wasafirisha bunduki. Kila upande wa mlima uliulaumu upande wa pili, na bunduki zikazidi kupita. Sasa wajumbe wawili wa ng'ambo walikuwa wamekuja kutia saini mkataba wa kuilinda njia ile kwa pamoja. Mzee Otia ndiye aliyewaalika kwake. Alisema hawezi kumaliza maisha yake bila kula na watu aliofundishwa kuwachukia. Wageni hao wakifa kwa mvinyo wa baba wa marehemu, vita vingeanza kabla majeneza hayajafungwa misumari.

"Nisikilize vizuri," Kanali alisema. "Neno sumu lisitamkwe pale. Likisikika, wataondoka na mkataba utakufa. Aliyeilipia sumu hiyo atakuwa ameshinda vilevile."

"Na mzee?"

"Daktari si alimkataza mvinyo?"

"Alimkataza."

"Basi mzee hayumo hatarini. Kimbia."

Tsira aliwasha gari. Mzee kuwa nje ya hatari ilikuwa faraja pekee aliyokuwa nayo, maana katika dunia hii alikuwa amebakiwa na huyo mmoja tu wa kumwita baba.

*

Jikoni kwa mzee Otia kulikuwa na moshi wa vijiti vya mzabibu na vishindo vya masufuria. Natela, dada wa marehemu Imeda, alimtazama kuanzia viatuni mpaka nywele.

"Wifi, watu wa takwimu mna bahati. Mnafika chakula kikishaiva."

Ukoo mzima ulijua kwamba Tsira anahesabu idadi ya ng'ombe katika ofisi fulani Tbilisi. Hakuwahi kuwasahihisha.

"Wamefika wapi?" aliuliza, huku akinawa damu ya mtu mwingine kwenye kucha.

Natela alimweleza bila kuacha kukata vitunguu. Mvinyo mweupe ulikuwa umekwisha, ule mwepesi wenye ladha ya pichi, na samaki wa mtoni na jibini vilikuwa vimekwenda nao. Sasa hivi wanaume walikuwa kwenye ghala la mvinyo wakichota ule wa rangi ya kaharabu. Bata mzinga wa mchuzi wa kokwa za jozi alikuwa ameshapelekwa mezani. Mwekundu ungefuata pamoja na mishikaki, kisha ule mtamu wa kufungia. Tamada, yaani mkuu wa meza anayeongoza dua za kunywea, alikuwa Bondo.

"Nani tena kama si Bondo?" Natela alisema. "Akizungumza yeye hata mawe yanalia."

Kisikizi kilikwaruza sikioni mwa Tsira. "Mwewe, wataalamu wa huku wanasema ni mwekundu. Ndio mzito kuliko yote. Utaficha uchungu."

"Wataalamu wamesoma chupa," alinong'ona. "Hawajawahi kula."

Mzee Otia alimfundisha ulimi kabla Kanali hajamfundisha bunduki. Mwekundu wa zabibu za Saperavi hunywewa na nyama ya kuchoma, na mafuta ya nyama huulainisha ukakasi wa mvinyo mpaka mdomoni zinabaki plamu na harufu ya moshi. Uchungu wowote wa kigeni ungebaki uchi pale. Mtamu wa mwisho usingeficha hata kidogo. Mweupe ulikuwa umeshanywewa, na watu kuwa bado wanaongea hakukuthibitisha kitu, lakini mweupe hauwezi kuficha hata chumvi.

Ulibaki wa kaharabu. Huo hulala miezi mingi na maganda ya zabibu, mbegu zake na vikonyo vyake, ndani ya mitungi mikubwa iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Una ladha ya aprikoti kavu, asali isiyo na utamu, majani ya chai. Unashika ufizi na hauachii; uchungu mwingine ungeweza kujificha humo.

Hata hivyo mtu anayeujua mvinyo huo angeshtuka. Mzee angeshtuka kwa kuugusisha mdomoni tu. Labda kama chakula chenyewe kingekuwa kichungu tayari.

Tsira alichovya kijiko kwenye mabaki ya mchuzi. Mchuzi ule katika nyumba hii siku zote ulikuwa mweupe kama maziwa ya jioni. Leo ulikuwa na rangi ya udongo. Aliuonja.

Uchungu ulimpanda mpaka masikioni.

"Wifi, kokwa hizi ni za lini?"

Natela aliweka kisu chini. Uso ulimwiva kwa aibu. "Usinifedheheshe leo, tafadhali. Nimeona ni nyeusi. Ni za mwaka juzi hizo, kama si za zamani zaidi."

"Na zetu mpya?"

"Bondo alizichukua. Alisema zina ukungu. Akaleta gunia lake mwenyewe, kalibeba mgongoni kutoka kwake. Sasa wewe ungemwambiaje mtu kama Bondo? Zawadi ya Bondo nani anairudisha?"

Hakuna. Katika bonde lile zawadi ya chakula hairudishwi hata ikiwa imeoza, na aliyepanga jambo hili aliijua desturi hiyo kama jina lake.

Tsira alibaki na kijiko mkononi. Bondo Metreveli. Alikua na Imeda tangu wakiiba zabibu za jirani. Alibeba jeneza lake. Tangu siku hiyo kila msimu wa mavuno alikuja kumkanyagia mzee zabibu kwa sababu mzee hakuwa tena na mwana wa kufanya hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma kiasi gani.

Kiliuma sana.

Aliinua macho. Ukutani ilining'inia pembe ya kunywea, ya mbuzi wa mlimani, ncha yake imevishwa fedha. Imeda aliinywea siku ya harusi yao. Tsira aliing'oa kwenye msumari, akajitanda mtandio mweusi wa ujane, akatoka.

"Wifi, unakwenda wapi na hiyo?" Natela aliuliza.

*

Ghalani glasi zilikuwa zimejaa tayari.

Watu wote walikuwa wamesimama kuizunguka meza ndefu, juu ya sakafu ya udongo, na rangi ya kaharabu ikiwaka mbele ya kila mmoja. Mzee Otia alikuwa kichwani mwa meza, glasi yake mkononi. Siku hizi alikuwa akiigusisha mdomoni na kuirudisha. Kulia kwake walisimama wajumbe, mwanamke mwenye mvi na mwanamume mnene mwenye uso wa upole. Kushoto alisimama Tholen, mgeni kutoka kaskazini ya mbali, aliyekuwa akinunua mvinyo wa mzee kwa miaka miwili. Sahani ya Tholen ilikuwa na mkate na mboga. Hakumgusa bata mzinga.

Bondo alikuwa ameanza dua ya waliokufa.

Dua hiyo haikatizwi. Hata nyumba ikishika moto, watu humaliza kwanza. Tamada husema, tamada hunywa wa kwanza, kisha wengine humfuata mpaka wa mwisho; asipokunywa yeye, hakuna anayekunywa. Karibu na kiwiko chake Bondo alikuwa na birika dogo la peke yake. Aliwaambia ni mvinyo wa shamba lake, anaunywa kwa ajili ya mama yake mgonjwa.

Tsira alipita kimya nyuma ya watu. Alilichukua birika kubwa la meza, akaijaza pembe mpaka ukingoni. Kama ingeshindikana angepiga kelele, na lolote liwe.

"Shemeji," alisema. "Samahani. Unayemtaja alikuwa mume wangu. Glasi hiyo ni ndogo kwake."

Alimpa pembe kwa mikono miwili.

Bondo aliipokea, maana mikono hupokea kabla akili haijauliza. Halafu akaitazama. Halafu akamtazama Tsira machoni, na hapo akaelewa kwamba mjane huyu hahesabu ng'ombe.

Pembe haina kitako. Ukishaishika, huiweki mezani mpaka iwe tupu.

Hakuna aliyesogea. Mvinyo ulitikisika ukingoni, ukamdondokea Bondo kwenye kidole gumba. Akakifuta haraka kwenye suruali.

"Shemeji, tumbo langu leo..." alianza.

Minong'ono ikapita mezani. Tamada kukataa pembe ya rafiki yake aliyekufa, mbele ya baba yake, mbele ya wageni. Mjumbe mwanamke aliinamisha macho kwa kuwaonea haya wenyeji. Mzee Otia alikunja uso. Halafu uso ule ukalegea, ukawa uso wa mzazi tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nipe mimi," mzee alisema. "Ni mwanangu. Daktari atanisamehe siku moja."

Aliichukua pembe kutoka mkononi mwa Bondo. Aliinua.

Tsira alisahau Kanali. Alisahau mkataba, mlima, bunduki zote zilizopita na zitakazopita. Aliona ndevu nyeupe na ukingo wa pembe vikikaribiana, na akavuta pumzi ya kupiga kelele.

"Hapana, baba."

Alikuwa Bondo. Alimshika mzee kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Ni yangu hii. Nilikuwa najipanga tu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, baba."

Aliigeukia meza. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kuliza mawe, ila sasa ilikuwa na ufa katikati.

"Imeda. Nilikukosea. Wewe unajua nilivyokukosea, hawa hawajui. Basi."

Alikunywa. Koo lake lilipanda na kushuka, polepole, bila kupumzika. Akaipindua pembe juu ya ukucha wake, na halikuanguka hata tone.

Wengine wakainua glasi.

"Ninyi subirini," Bondo alisema. "Mimi ndiye tamada. Waliokufa mlimani ni wa kwetu na wa kwenu. Mvinyo huu ni wao wote. Hakuna wa kuunywa. Mwageni chini, glasi na mabirika, mpaka udongo ushibe."

Kumwagia wafu kidogo ni desturi. Kumwaga wote hakuna aliyepata kuona, lakini neno la tamada ni sheria. Mzee Otia alimwaga wa kwanza. Mjumbe mwanamke alimwaga akilia waziwazi, na mwenzake akamshika bega. Natela, aliyekuwa mlangoni, alilichukua birika kubwa akalimwaga lote. Sakafu ilinywa.

Tholen alimwaga wa mwisho. Akafuta vidole kwa kitambaa, akakiweka mezani, akatoka.

Hakuna mtu anayeondoka katika dua ya wafu bila ruhusa ya tamada. Watoto wa bonde lile wanajua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Bondo aliufuata mgongo ule kwa macho, kisha akamtazama Tsira. Akainamisha kichwa mara moja, kama kusema ndiye.

Tsira alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Uani palijaa vikapu vya zabibu. Tholen alikuwa akiielekea Land Cruiser yake bila kukimbia, simu sikioni.

"Bwana Tholen. Nyama bado."

Aligeuka na bastola ya Walther yenye kizuia sauti. Risasi ya kwanza ilipasua kikapu. Ya pili ilipita mahali kichwa cha Tsira kilipokuwa, lakini Tsira alikuwa ameshalala chini akiteleza kwenye juisi ya zabibu, na mguu wake ukampiga mgeni kwenye goti. Bastola iliruka. Tholen alirudi nyuma hatua mbili kutafuta mizani.

Hatua ya pili ilitua kwenye kifuniko cha mbao cha mtungi uliozikwa pale uani.

Mtungi ule ulikuwa umeoshwa juzi ukisubiri mvinyo mpya. Ukubwa wake unamtosha mtu kuingia na kusimama, na shingo yake ni nyembamba kuliko tumbo lake. Mbao ilivunjika. Tholen alishuka mzimamzima. Kutoka ardhini kilisikika kishindo, kisha tusi refu la lugha isiyojulikana.

Tsira aliokota Walther, akachungulia.

"Nina watu," sauti ilisema kutoka gizani. "Nina watu mpaka ofisini kwenu."

"Basi watakuja na ngazi."

Alibonyeza saa. "Kiota, mnunuzi wa mvinyo yuko mtungini. Njooni kwa mlango wa nyuma. Msiharakishe, hana pa kwenda."

"Na meza?"

"Hakuna aliyekunywa," Tsira alisema. "Ila mmoja."

*

Bondo aliiongoza meza mpaka mwisho, na wenyeji wanasema hakuwahi kuongoza vizuri namna ile. Aliagiza mwekundu na mishikaki. Aliwachekesha wageni. Saini zilitiwa kwenye kona ya meza kati ya mifupa na makombo. Baadaye alitoka kupunga upepo, akamkuta Tsira amekaa kwenye kikapu kilichopinduliwa. Akakaa kando yake.

Tsira alimwambia gari la wagonjwa liko chini ya kilima. Bondo alisema anaijua sumu ile, haina tiba, wasisumbuane.

"Ulimuuza Imeda," Tsira alisema. Hakuwa akiuliza.

"Niliuza njia ya doria. Sikujua zamu ni ya nani."

"Ulijua lini?"

"Nilipobeba jeneza." Alijipangusa uso. "Tangu siku ile wananishikilia. Nifanye hili, nifanye lile, la sivyo mzee ataambiwa. Leo wakasema ni wageni tu, mzee hanywi. Nikajidanganya hivyo, shemeji. Mpaka nilipomwona ameishika."

Tsira alitamani kumpiga. Alitamani pia kumshika mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Mzee asijue," Bondo alisema. "Sikuombi kwa ajili yangu."

Alirudi ndani kuifunga meza. Jua lilipokuwa linagusa mizabibu, akiwa amesimama, katikati ya dua ya mwenye nyumba, alishika kifua, akawaomba radhi waliokuwa mezani, akaanguka. Natela ndiye aliyepiga ukelele. Wajumbe walisema ni moyo. Kila mtu alisema ni moyo, na hawakukosea.

Mzee Otia alimkuta Tsira kwenye Niva, mlango wazi, funguo mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

"Amekufa mezani pangu, mwanangu, siku aliyomnywea Imeda pembe nzima," alisema. "Rafiki wa namna hiyo nitamlipa nini?"

Tsira aliziweka funguo pajani.

"Nimefikiri nimzike pembeni ya Imeda. Kushoto yupo mama yake. Kulia..." Mzee alisita, akamshika mkono. "Kulia ni mahali pako wewe. Niliwaambia wachimbaji wapaache siku ile ile tulipomzika. Wewe ndiye mke. Ukisema hapana, ni hapana, na sitakuuliza tena."

Kisikizi kilikwaruza sikioni. "Mwewe, mzee anajua nini?"

Tsira alikichomoa, akakifungia kwenye kiganja.

Aliutazama uso wa mzee. Ulikuwa na amani. Katika miaka mitatu hakuwahi kuuona hivyo.

"Mpe, baba," alisema. "Walikuwa pamoja tangu utotoni."

Alimbusu mkono, akaingia garini, akafunga mlango. Alipanda barabara ya Gombori kwa mwendo wa kawaida, dirisha wazi, na kila alipofika kwenye kona alipunguza.